Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani aliyekuwepo angekuwa mtu mwingine, si mimi. Tangu ifike barua ya dada yako, ile anayotutaka mimi na mama yako tukamalizie uzee wetu kwake huko ng'ambo, siku hiyo imekuwa ikinijia asubuhi na jioni. Mnasema tutaitwa kwenye ofisi yao tuulizwe maswali ndipo tupewe viza, na wewe ndiye utakayekaa nasi kututafsiria. Sawa. Lakini kabla hujaipiga pasi hiyo suti yako, keti hapa unisikilize.

Ilikuwa zama za Mwingereza, nami nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, karani mdogo wa Boma la Njombe. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na nilijua Kiingereza cha kutosha kujibu ninachoulizwa. Nilivaa suruali ndefu na viatu vyeusi nilivyovipiga rangi kila asubuhi, hata siku za masika ambapo kutoka kwetu Yakobi mpaka Boma kulikuwa tope tupu. Njiani nilivivua nikavibeba mkononi, nikavivaa tena nikikaribia. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Bwana Shauri wetu wakati ule, yaani mzungu aliyesikiliza mambo ya watu na kutoa vibali, alikuwa mgeni. Kiswahili chake kilitosha kuagizia chai na maji ya kuoga, na kwa Kibena, lugha yetu, hakujua hata salamu. Kwa hiyo mzee yeyote wa kijijini aliyefika mezani pake, maneno yake yalipitia kwangu. Siku moja aliniambia kwamba mimi si kama wenzangu, kwamba nina akili ya kisasa. Neno lile lilinilevya. Tangu hapo nikaanza kuona aibu kwa kila jambo la kwetu lililomfanya anyanyue nyusi zake, na zilikuwa nyepesi sana kunyanyuka.

Basi wakaja mzee mmoja na mkewe kutoka Kichiwa. Mtoto wao pekee aliyebaki hai, Lutengano, alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, kama walivyofanya vijana wengi wa huku. Mwaka wa saba ulikuwa unakwisha hajarudi. Sasa ilikuwa imekuja barua kutoka kwa mwajiri wake: mwamba ulimwangukia, yuko hospitalini, hali yake si nzuri, na anawaomba wazazi wake. Mwajiri angewapokea, ila mpakani wasingepita bila kibali cha Boma kinachothibitisha kwamba kweli hao ndio baba na mama. Lori la kuelekea mpakani lingeondoka Makambako kesho yake saa sita mchana, na baada ya hilo hakukuwa na jingine mpaka zipite siku tatu.

Bwana Shauri alikuwa na wasiwasi wake, na sikumlaumu. Miezi ile watu walimletea wake wa kuazima na mama wa kuazima ili mradi kibali kitoke. Kwa hiyo akaamua kuwauliza mmoja mmoja. Mzee aliingia kwanza, akataja jina la mwanawe, la ukoo, na mwaka alioondoka, yote yakalingana na barua. Akatoka, akaingia mama.

Alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kaniki, miguu mitupu imechubuka kwa safari. Alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba anaogopa kukichafua. Bwana Shauri akamwuliza mwanao anaitwa nani. Nikamtafsiria. Mama akainamisha kichwa, kimya.

Hapa lazima nikueleze, maana ninyi siku hizi mnawataja wakwe zenu kwa majina kama mnavyowataja wachezaji wa mpira. Kwetu mwanamke akishaolewa hakulitaja jina la baba mkwe wake. Hakulitaja barabarani wala jikoni, hata akiwa peke yake shambani. Kulitaja kulikuwa kumvunjia heshima mzee wa watu, na mwenyewe alijisikia vibaya kuliko hata huyo mzee. Mtoto akirithi jina la babu yake, basi mama yake naye halitaji. Humwita Baba mpaka mmoja wao aingie kaburini. Na Lutengano lilikuwa jina la baba mkwe wake yule mama.

Mimi sikuhitaji kuelezwa hayo. Mimi mwenyewe nimerithi jina la babu yangu, na mama aliyenizaa hakuwahi kunitaja kwa jina tangu aninyonyeshe.

Bwana Shauri akarudia swali. Mama akajibu kwa sauti ndogo kwamba yeye humwita Baba. Nikatafsiri hivyo hivyo bila kuongeza kitu, nyusi zikanyanyuka. Mama akajaribu njia nyingine, akasema kanisani alibatizwa Elia. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwa kuwa kwenye barua hapakuwa na Elia yeyote. Mgodini kijana aliandikishwa kwa jina la nyumbani. Bwana Shauri akaanza kugongagonga meza kwa kalamu. Mama yule jasho likamtoka usoni, na baridi ya Njombe unaijua. Akanigeukia mimi.

"Jina liko hapo kwenye barua," aliniambia kwa Kibena. "Msomee wewe, mwanangu. Kinywa changu hakiwezi."

Ndivyo ilivyokuwa desturi, mtu mwingine humtajia. Hata mtoto wa jirani angeweza. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo na kusema maneno machache ya Kiingereza ambayo nilikuwa nayo, na nilijua ninayo.

Bwana Shauri akaniuliza, je, ina maana huyu mwanamke hajui jina la mwanawe?

Nikasema, "Inaonekana hajui, Bwana."

Mwanangu, sikuhongwa wala sikutishwa. Niliona aibu tu. Niliogopa desturi yetu ikisemwa kwa Kiingereza itasikika ya kishenzi, na yule bwana atanirudisha kwenye kundi la hao wenzangu ambao mimi si kama wao. Akaandika kwamba mume aende, mke hakuthibitika kuwa mama, kisha akaniagiza nikawaambie.

Niliwaambia barazani, nikitazama viatu vyangu. Mama hakulia. Alikaza fundo la kaniki yake, akaenda kusimama kando. Mzee akaniuliza kama nilimtajia mkewe jina. Nikamjibu kwamba nilifuata utaratibu wa ofisi. Akaniuliza mimi naitwa nani, nikamwambia. Akaniuliza babu yangu aliitwa nani, na hapo sikuwa na pa kujificha, kwa sababu jina lilikuwa lile lile.

"Basi," akasema, "siku mama yako atakapoletwa hapa kuulizwa habari zako, utasema naye hakujui."

Hakupaza sauti. Walipanda lori la mbao lililokuwa linakwenda Makambako, na mimi nikarudi ndani kupanga majalada.

Jioni nilimkuta mama yangu uani anapukuchua mahindi. Nikamsimulia, na nakiri kwamba nilitaka anipoze, aseme kazi ni kazi. Mikono yake ikasimama. Akasema, "Kwa hiyo na mimi si mama yako." Kisha akaendelea kupukuchua. Chakula alinipa, lakini jioni ile hakuniita Baba. Aliniita wewe.

Asubuhi nilifika Boma mapema nikiwa nimejipanga maneno yangu, nikaambiwa Bwana Shauri amekwisha ondoka kwa gari, anasikiliza mashauri Makambako. Nikachukua baiskeli ya tarishi bila kumuaga karani mkuu. Unaijua barabara ile ilivyo leo na lami yake. Wakati ule ilikuwa changarawe na makorongo, ukungu wa asubuhi hauonyeshi hatua kumi mbele, na mnyororo ulikatika mara mbili. Kila nilipoinama kuufunga nililitazama jua. Nilikuwa naogopa vitu viwili, kufukuzwa kazi na kulikosa lori lile, na nataka ujue kwamba kwa sehemu kubwa ya safari niliogopa zaidi kufukuzwa. Nilipopita Kichiwa tu ndipo hofu zile zikabadilishana nafasi.

Nilifika Makambako saa sita imepita kidogo. Pale njia panda palikuwa na vumbi la lori lililokwisha ondoka, na yule mama ameketi juu ya kifurushi chake kando ya barabara, mikono mapajani. Mzee alikuwa hataki kwenda peke yake. Ni yeye mama aliyemlazimisha apande, ili mtoto asikose wote wawili. Aliponiona akanisalimia, akaniuliza nyumbani hawajambo. Hiyo salamu iliniuma kuliko maneno yote ya mumewe.

Bwana Shauri alikuwa barazani, watu wamejaa. Nikasimama mbele yao nimetapakaa tope na grisi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba jana nilimdanganya. Nikamweleza habari ya wakwe na ya majina. Kiingereza changu kiliniponyoka, nikarudia mara mbili, tatu. Mwishoni nikasema kwamba mama yangu mimi hajawahi kulitaja jina langu, na kwamba kama yule si mama wa Lutengano, basi na mimi sina mama.

Nyusi hazikunyanyuka. Aliniuliza kama jana haya yote niliyajua. Nikasema niliyajua.

"Kwa nini basi hukusema?"

"Niliona aibu, Bwana."

Alivitazama viatu vyangu vilivyojaa tope, akanitazama usoni. Kisha akachukua karatasi, akaandika kibali kwa mkono wake, akatia sahihi. Kumbe alichohitaji yule bwana ni kuambiwa tu. Mimi alinitoa mezani pake, akanipeleka stoo ya majalada nikakaa mwaka mzima na panya, na nilistahili.

Yule mama alihifadhiwa na watu wa kanisa pale Makambako, akapanda lori la siku ya tatu. Baada ya miezi miwili ikaja barua Boma, bahasha ina jina langu. Ilitoka kwa yule mzee. Aliandika kwamba alimkuta Lutengano akiwa na fahamu, na kwamba siku mbili za mwanzo aliongea sana, na kila mlango ulipofunguliwa aliuliza mama yuko wapi. Siku ya tatu sauti ikakata. Wauguzi walimwita kwa jina lake, daktari naye, mzee naye, hakufumbua macho. Mkewe alipofika, akainama kitandani akasema, "Baba." Kijana akafumbua macho. Walitazamana mpaka asubuhi ya siku iliyofuata, halafu akafariki.

Neno lile lile, mwanangu, ambalo mimi niliona haya kulieleza. Barua ile ninayo mpaka leo, na siku mbili zile ambazo yule kijana alimwita mama yake bila kuitikiwa ni mimi niliyezila.

Sasa nisikie vizuri. Mwezi ujao mimi na mama yako tutaketi upande ule wa meza alioketi yule mama. Tutaulizwa tarehe za kuzaliwa ambazo hatuzijui, mama yako atasema alizaliwa mwaka wa nzige, na mimi huenda nikainuka kumsalimia aliye mdogo kwa wajukuu zangu. Usicheke nao kwa kutuonea haya, wala usiyafupishe maneno yetu ili yasikike ya kisasa. Tukinyamaza, usiseme hatujui. Tuulize kwanza kwa nini tumenyamaza, kisha uwaeleze, hata kama Kiingereza chako kitakuponyoka. Anayekaa katikati ya watu wawili wasioelewana ameshika maisha ya mmoja wao mkononi, na mara nyingi ni ya yule mnyonge. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, usingoje kesho. Rudi siku ile ile, kabla lori halijaondoka.

Wakitunyima viza, tutarudi nyumbani tukapande viazi vyetu, dada yako atakuja kututazama Mungu akimjalia. Hilo nitalivumilia. Nisiloweza kuvumilia ni kukuona umenyamaza huku unajua.

Mungu akupe kinywa kisichotuonea haya, akujalie watoto watakaokutafsiria vizuri ukifika umri wangu. Nenda kwa amani, Baba. Ndiyo, wewe nawe umelirithi jina la babu yako, na mama yako anakuita jikoni.