Mama Mkwe na Chaji ya Bajaji

Sijui kama nitaiandika sawasawa, maana shule yangu ilikuwa fupi, na habari yenyewe inamhusu mama mkwe wangu, ambaye sipendi kumwonea.

Mume wangu anaendesha bajaji ya umeme hapa Kibiti. Mwanzo ilikuwa inashinda barabarani. Baadaye ikawa inamchokea hata adhuhuri haijafika, anaisukuma huku abiria ameshashuka. Betri ikifa kabisa, atarudi kwao Salale kuvua kamba, niwe namwona kwa nadra. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Fundi aliipima, akauliza tunaichaji vipi. Tukatazamana. Aliyekuwa anaichaji ni mama mkwe. Mwanawe akiegesha aende kuswali, bajaji bado inafukuta kwa jua, yeye keshachomeka waya. Ikijaa, haichomoi. Fundi akasema betri ile haipendi kuchajiwa ikiwa ya moto, wala kushinda imejaa pomoni kila siku. Na isiachwe ikauke kabisa. Hilo la kuikausha lilikuwa la mume wangu, si la mama. Alikuwa anaikimbiza mpaka inazima, nami namsifu kwa bidii.

Jioni mume wangu akamweleza mama kwa upole: siku za kawaida isijazwe.

"Isijazwe kwa nini? Umeona wapi mtu anatoka na pungufu?"

"Mama, hii si mashine ya boti."

"Mashine ni mashine. Ikikufia njiani utaipigia kasia?"

Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Akasimulia jinsi boti ya marehemu mumewe ilivyoishiwa petroli kwenye mikono ya mto kule Mbwera, maji yakapwa, wakakwama topeni kwenye mikoko, na yeye pwani anangoja, mume wangu huyu yuko mgongoni. Tangu hapo hakuna chombo kilichotoka kwake bila kujaa.

Nikamwelewa, ingawa betri haikuwa inamwelewa.

Nikajaribu hivi, sijui nilipata wapi ujasiri: "Mama, endelea kuichaji wewe mwenyewe. Ila ngoja ipoe, na ukibaki mstari mmoja haujawaka kwenye kioo cha bajaji, chomoa."

"Huo mmoja namwachia nani?"

"Betri."

Akafikiri. "Haya. Kama ukoko anaoachiwa mpishi."

Siku hizi anaiwekea kiganja kwanza, kama anapima homa ya mtoto. Betri haijarudi ilivyokuwa, nisiseme uongo, lakini haizidi kuchoka, na mume wangu anakuja kula mchana nyumbani.

Juzi alipata abiria wa Bungu. Safari ndefu fundi alisharuhusu kujaza, nikamwambia mama: leo mpaka juu. Akavuta kigoda, akakaa kando ya waya mpaka mstari wa mwisho ukawaka. Akachomoa mwenyewe, akamtazama mwanawe.

"Sasa nenda," akasema.