Pleti kwenye Banda la Kuku

Kwa miaka thelathini na miwili Raymundi alichapa maneno ya watu wengine, na kazi hiyo ilimwachia mgongo wa kuinama, masikio mazito, na imani kubwa kwa chochote kilichoandikwa kwenye karatasi na kugongwa muhuri. Kwa hiyo karatasi ya maabara iliposema virusi vya homa ya ini havikuonekana kwenye damu yake, aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia, akaacha vidonge.

Hakumwambia mkewe. Tekla aligundua siku ya kumi na moja, kwa kulitikisa kopo la vidonge.

"Mbona linalia vilevile kama wiki iliyopita?"

"Nimepona, mama Advera."

"Nani kasema?"

"Karatasi."

"Haya. Ukifa tutaizika hiyo karatasi, wewe tukubakize."

Ugonjwa ulijulikana miaka mitatu nyuma, alipokwenda kumtolea damu jirani yao wa mtaa wa Chemchem, na damu ikakataliwa. Raymundi hakuwa amekataliwa tangu walezi wa seminari ya Kipalapala walipomshauri, kwa upole mwingi, atafute wito mwingine. Tekla alipimwa, akakutwa salama, akachanjwa. Watoto vivyo hivyo. Yeye akaandikiwa kidonge kimoja kila siku, bila tarehe ya mwisho. Hilo ndilo lililomkera. Kila kazi aliyowahi kupokea ilikuwa na tarehe ya mwisho, hata kama hakuna aliyeifuata.

Asubuhi iliyofuata Tekla alimpeleka kliniki kama mtu anayerudisha redio dukani. Tabibu Sabiri, mtoto wa mjini mwenye kibaraghashia na subira ya watu waliokulia nyuma ya kaunta, aliwapokea.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Mama anasema umejistaafisha."

"Havionekani. Mmeandika wenyewe."

"Kwenye damu, ndiyo. Kwenye ini vipo, vimenyamaza tu." Sabiri akavuta kiti. "Kirusi kikiingia kwenye seli ya ini, kinaacha maandishi yake humo ndani, yamejikunja duara kama pete. Seli nayo si mjinga. Ina walinzi. Wakiiona ile pete wanaishikilia, isisomwe."

"Sasa shida iko wapi?"

"Kirusi kina protini moja ndogo. Wataalamu wameiita X."

"Walikosa jina?"

"Majina walikuwa nayo tele. Kazi yake ndiyo hawakuijua. Hiyo X haipigani na mlinzi, haina ubavu huo. Inakwenda kwa wazoa taka wa seli yenyewe, wale wanaovunjavunja protini zilizochakaa, inawaonyesha: huyu hapa, mwondoeni. Na seli, kwa utaratibu wake mzuri kabisa, inamsaga mlinzi wake mwenyewe. Pete inabaki haina wa kuizuia. Inasomwa, virusi vinazaliana. Ikiendelea hivyo miaka, hiyo X inawavuruga hata mafundi wanaokarabati seli, na saratani inapata pa kuanzia."

Raymundi aligeukia dirisha. Tekla alidhani hajasikia, akamrudishia kwa sauti: "Anasema mlinzi anatolewa na watu wa nyumbani!"

Alikuwa amesikia. Alikuwa anamwona Bruda Vedasto.

Miaka ya tisini, katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa, Bruda Vedasto ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la pleti, yale mabati membamba ya kuchapia. Wachapaji hawatupi pleti. Mteja anaweza kurudi. Humo kabatini, kando ya pleti sahihi ya kalenda ya mwaka uliokuwa unakuja, ilikuwamo ile iliyokosewa, ambapo Jumatano ya Majivu iliangukia Alhamisi. Nakala zake zilichomwa moto. Pleti ilibaki, na Bruda hakumruhusu mtu kuigusa. Alikuwa mzito, alikagua kila kitu mara tatu, na Raymundi alikuwa na haraka. Akamwandikia meneja barua nzuri, yenye aya na heshima: Bruda amechoka, apumzishwe. Uongozi ulikubali. Gari la kiwanda chenyewe lilimpeleka Bruda na begi lake kwenye nyumba ya wazee. Wiki ya pili, kabati likiwa wazi, Raymundi alichomoa pleti ya kalenda bila kuikagua, na parokia kadhaa, hadi Lusu huko Nzega, zikapokea Majivu ya Alhamisi.

Bruda alifariki mwaka uliofuata. Kwenye kitubio Raymundi alilitaja jambo hilo kama "kukosa uvumilivu kazini," akapewa Salamu Maria tatu.

"Na vidonge vinafanya nini?" aliuliza hatimaye.

"Vinazuia nakala mpya. Pete haviing'oi."

"Yaani mashine imezimwa, pleti iko kabatini."

Sabiri akamtazama. "Sijawahi kulisikia likisemwa hivyo, lakini ndivyo. Ukiacha, mashine inaweza kuwaka tena, na ini likawaka nayo. Siku kumi na moja umejaribu sana bahati yako. Leo tunakutoa damu, na kidonge unameza hapahapa, nikikuona."

"Basi mimi ndiye niliyekuwa X," alisema Raymundi.

"Mzee?"

"Lete maji."

Tekla, ambaye katika miaka thelathini na tano ya ndoa hakuwahi kusikia habari za barua ile, aliyasikia yote njiani, kwa miguu, pikipiki zikiwapita. Walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye banda la kuku.

"Kumbe ndiyo maana ile pleti uliileta huku."

Ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye mlango wa banda, kuziba tundu la panya, kazi iliyoifanya vizuri kuliko ile ya kwanza. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka. Kopo la vidonge sasa linakaa juu ya banda hilo, chini ya kibati cha kuzuia mvua. Kila asubuhi Raymundi anafungulia kuku, anameza kimoja, anaisoma ile Alhamisi ya Majivu mlangoni, na Tekla, akiwa dirishani, analitikisa sufuria kumjulisha kwamba ameona.