Treni Niliyoleta Isiolo kwa Rangi

Haya, chekeni mmalize ndio nianze, maana aibu niliyopata pale stendi ya Isiolo haitaki mtu wa kuchekea pembeni. Mimi kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka, na safari yangu ndefu zaidi maishani ni Nanyuki (nikarudi siku hiyohiyo, chai yao haikunipendeza). Sasa Halkano, jirani anayeuza tiketi za basi la Mombasa, akaniomba bango la likizo ya Desemba, nami nikatafuta kwa simu nikapata matangazo ya zamani ya reli, yale ya wakati wa mkoloni, treni inafuka moshi, minazi, mzungu anatabasamu kama hajawahi kuumwa na mbu. Nikanakili yote, mzungu nikamvika kikoi. Halkano akauliza basi liko wapi. Nikamwambia treni ni urembo tu, nani hapa hajui hatuna hata nati ya reli?

Nilisahau kwamba tangu kaunti zianze, kila anayeomba kura hutuahidi reli. Watu waliona bango wakasema kumbe imefika. Picha ikatumwa mpaka Merti, kwa mama mkwe wangu, ambaye binti yake mdogo alikuwa amejifungua Mombasa, na yeye aliapa zamani kwamba hapandi basi. Jumamosi akashuka kwenye lori la mbuzi, mtandio mpya, kibuyu cha maziwa mkononi, akanipa salaam aleikum mbele ya stendi nzima.

"Mkwe, asante. Nionyeshe tu pa kukaa, isije ikaniacha."

Mwanaume mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema imechelewa kidogo.

"Kidogo?" akadakia mama mmoja anayeuza miraa pale stendi. "Hiyo inachelewa tangu kaunti izaliwe."

Stendi ikavunjika mbavu. Mama mkwe akaketi chini ya bango, akangoja, na kila mpita njia akamuuliza kwa heshima kama bado haijaonekana. Kufika alasiri nikachuchumaa mbele yake, nikakiri. Akainyooshea kidole ile treni ya rangi.

"Wewe mwenyewe umewahi kupanda treni?"

"Hapana, mama."

"Basi mjukuu ataletwa na mama yake. Mimi nitamngojea kwako."

Akangoja wiki sita, kwenye kiti changu. Mtoto alipofika na mama yake, nikapewa mkeka nilale jikoni, mimi ninayesifika kwa kupenda nyumba yangu. Siku hizi nachora mabango ya vinyozi na bucha tu. Ukitaka bango la likizo nenda Meru, huko wako wachoraji waliosafiri.