Kijani cha Kuagizwa

Mwalimu Gatakaa alikuwa amefundisha kemia miaka kumi na tisa katika shule ya kutwa karibu na Gachoka, tena katika darasa lenye popo darini. Hakuwa mtu wa kuchukizwa upesi.

Muhula wa pili, shirika moja lililetea shule miwani ya mwalimu na vishikwambi vya wanafunzi. Mwanafunzi akibonyeza, mwalimu huona kwenye miwani alama ikielea juu ya kichwa cha mwanafunzi huyo: kijani, ameelewa, nyekundu, hajaelewa. Mwanafunzi angeweza pia kuandika swali bila wenzake kujua.

Siku ya kwanza Gatakaa alifundisha asidi na besi, kisha akauliza kama wameelewa. "Ndio, madam," wakaitikia. Juu ya vichwa vyao, nyekundu tupu. Igoki, msichana mwenye kigugumizi aliyekuwa hasemi darasani, alikuwa ameandika maswali manne. Gatakaa aliona aibu. Alirudia somo lote, na baada ya wiki mbili nyekundu ikaanza kupungua.

Ndipo wafadhili wa shirika hilo wakatuma habari kwamba wanakuja. Mwalimu mkuu, Bwana Gichovi, akaingia darasani.

"Kesho ni kijani pekee. Atakayebonyeza nyekundu aje na mzazi."

Gatakaa alimfuata nje. "Sir, unawafundisha kudanganya."

"Nawafundisha shukrani, madam."

Kesho yake wageni walikaa nyuma ya darasa, na alichokiona Gatakaa kwenye miwani kikaonyeshwa ukutani. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, kijani kilikuwa kimetanda chumba kizima. Hata Igoki, macho chini, alikuwa kijani. Gatakaa aliugeukia ubao, akachukua chaki.

Akaandika ubaoni: chumvi ikichemshwa hugeuka shaba. "Mmeelewa?"

Kijani. Wageni wakapiga makofi.

Alivua miwani akamkabidhi kiongozi wao. "Nimewafundisha upuuzi, na wote wamekubali. Muulizeni mwalimu mkuu kwa nini."

Kiongozi alicheka, akamsifu kwa ucheshi wake, kisha akaomba picha ya pamoja. Gichovi alisimama katikati, akitabasamu.

Baada ya mwezi Gatakaa alipata barua ya kuhamishiwa shule ya Kiambere. Huko, ofisini mwa walimu, alikuta kalenda ya shirika ikiwa na picha ile, na yeye ubavuni mwa Gichovi. Aliitazama mpaka mate yakamjaa mdomoni. Akatoka nje, akatema, akaenda darasani.