Siku Mtoto wa Mirdif Alipochagua Jina

Siku yangu ya kwanza kazini Mirdif, mtaa mmoja wa Dubai, madam alinikabidhi mtoto kabla sijavua viatu. Alikuwa Mfaransa, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Mtoto aliitwa Chloé, na alikuwa amekataa maziwa. Hospitali walipima kila kitu wasione ugonjwa, na uzito ulizidi kushuka.

Nyinyi mayaya wa siku hizi mnakimbilia simu. Sisi tulitumia mikono. Nilimbeulisha, yaani nikamweka begani nikampapasa mgongo hewa itoke. Nikamkanda tumbo kwa mafuta ya uvuguvugu. Wapi! Alilia tu, akikodolea macho kiti kitupu pembeni mwa chumba. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nywele zilinisimama.

Kwetu Wajaluo, mtoto akilia hivyo husemekana kuna marehemu anayetaka jina lake. Hutajwa majina ya waliokufa, moja moja, mpaka mtoto anyamaze. Nilimwambia madam, nikijua naweza kurudishwa kwa ajenti aliyenitafutia kazi siku hiyohiyo. Hakucheka. Mchana huo, kiyoyozi kikivuma, akataja nyanya yake, shangazi, mjomba. Mtoto analia tu. Nikauliza kama hakuna mwingine. Akanong'ona, "Renée."

Mtoto akanyamaza. Akageuza shingo kutoka kwenye kile kiti, akamtazama mamake. Niliogopa, siwadanganyi. Chupa aliimaliza yote.

Ndipo madam akanieleza. Renée alikuwa binti yake wa kwanza, aliyefariki kwao Ufaransa kabla hajajua kutambaa. Jina lenyewe asili yake ni Kilatini, maana yake aliyezaliwa tena, na Wakristo wa kale waliwapa jina hilo waliobatizwa. Sir, mumewe, aliposikia alikuwa mkali.

"Khalas, basi. Hilo jina tulilizika," alisema.

Lakini kila alipomwita Chloé, mtoto aliisukuma chupa. Baba ni baba, mwishowe akasalimu amri, mtoto akaitwa Renée.

Sasa nimestaafu, magoti yalinishinda, na watu huniuliza ninakumbuka nini kuhusu Dubai. Nakumbuka asubuhi ya kuondoka. Renée alikuwa ameanza shule, na habari za dada yake hakuna aliyewahi kumwambia. Wazazi walikataza, nami nilifunga mdomo. Teksi ikiwa mlangoni nilimkumbatia, machozi yakanitoka. Akanifuta kwa kiganja.

"Usilie, anti," akasema. "Hata mimi niliondoka. Nikarudi."

Nyuma yake madam aliyasikia hayo, akaketi chini, pale pale sakafuni.