Siku Tatu za Kufuta Wino wa Baba

Harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ya ndimu iliyokamuliwa sasa hivi, wengine watafikiria jiko la watu wasiojua kutenganisha vitu. Mimi hufikiria sakafu. Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa, na Morogoro ilikuwa na ule ubaridi wa asubuhi unaomfanya mtu aoge kwa kujihimiza, ukungu ukikaa juu ya Uluguru mpaka saa nne. Nilikuwa darasa la tano. Nilipiga magoti katika chumba kilichokuwa ofisi ya shirika moja la mazao, nikikamua ndimu za Kinole kwenye bakuli la bati, na vidole viliniwasha kwelikweli kwa sababu nilikuwa na tabia mbaya ya kutafuna kucha.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, na nguo za mitumba zilitandazwa mpaka kando ya reli. Lakini wakati maduka yanafunguka, ofisi zilikuwa zinafungwa. Baba alikuja Morogoro kwa treni kutoka Tabora akiwa kijana, akawa karani katika ofisi ile kwa miaka kumi na saba. Siku moja alirudi nyumbani saa nne asubuhi akiwa na boksi la vitu vyake, akasema amepunguzwa. Nililichukia neno hilo, maana hupunguzwa chumvi, si mtu. Tangu siku hiyo akawa anakaa uani na redio yake, akiitikia salamu za majirani kwa kichwa, huku mama akihangaika na tenga la mboga sokoni. Jengo la ofisi yao likanunuliwa na Bi Rukia, mfanyabiashara wa Kondoa, aliyetaka kulifanya nyumba ya kulala wageni.

Hapo ndipo anapoingia mama mdogo Tekla, mdogo wake mama, kitinda mimba wa kwao. Aliteremka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi, mfuko wa nguo na mdomo usiolala. Alikuwa amewafulia masista wa misheni kwa miaka mingi, na aliamini hakuna doa chini ya jua linaloweza kumshinda. Bi Rukia alikuwa na shida ya madoa. Kuta, sakafu ya sementi na meza tatu kubwa za mninga alizotaka kubaki nazo vilikuwa vimelowa wino wa miaka yote, na wanawake wawili walikwisha kusugua kwa sabuni wakashindwa. Akamwambia mama mdogo, "Ukiyatoa haya kabla ya Jumamosi, kazi ya usafi hapa ni yako. Yakikushinda, tusilaumiane." Ilikuwa Jumatano. Sote tulijua kwamba tungeutegemea mshahara huo, kwa sababu mama alikuwa ameanza kusema kwamba mambo yakizidi kuwa magumu tutapanda wote Matombo kwa bibi, tukalime, na shule ningeisikia kwa jirani.

Siku ya kwanza ilianza kwa nyimbo. Mama mdogo alinyunyiza chumvi juu ya doa la bluu mezani, akamimina maji ya ndimu, akalisogeza kwenye jua la dirishani, na baada ya muda doa likafifia mbele ya macho yangu. Nikaona ameshapata kazi. Kisha akageukia ukuta, palipokuwa na doa la zambarau la ukubwa wa kiganja, akalipiga maji ya sabuni. Lile doa likateremka na ukuta mpaka chini, likawa pana kama sinia. Akahamia doa jeusi la sakafuni, ndimu ikapita juu yake bila kuligusa, na alipozidisha kusugua, weusi ukaenea na rangi nyekundu ya sakafu ikaanza kubanduka. Mama mdogo akaketi chini, akanyoosha miguu.

"Kumbe na wino una koo zake," alisema, kwa lafudhi yake ya milimani. "Mimi nilidhani wote ni ndugu."

Tulipokuwa tunarudi alinionya nisimwambie baba. Aliona ni ukatili kumwita mtu aje afagie nyumba aliyotolewa. Nilimwelewa, lakini mficha uchi hazai, nami sikutaka kwenda kulima Matombo. Baada ya chakula nilimfuata baba uani nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alipunguza sauti ya redio, akauliza doa la zambarau liko ukuta wa mlangoni au wa dirishani. Nikasema wa mlangoni. Akasema hapo palikuwa na meza ya mihuri. Akauliza jeusi liko pembe ipi, akataja mwenyewe kabla sijajibu, kwamba pale ilisimama mashine ya kudurufu, na ilikuwa ikivuja tangu siku ilipoletwa. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza mwezi mzima. Mama alisimama mlangoni na sahani mkononi, akamsikiliza, asithubutu kupita.

Asubuhi baba alivaa suruali yake ya kazini, akachukua chupa ya spiriti aliyowashia karabai, akatutangulia njiani kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuchelewa. Mama mdogo alinikata jicho ambalo silisahau. Pale mlangoni aliweka ndoo chini na kusema, "Shemeji, umefuata nini huku? Watu watasema nimekuajiri."

"Niajiri tu, shemeji," baba akajibu. "Kazi mbaya si mchezo mwema."

Kisha akamwonyesha. Dawa ya moto ni moto, alisema. Wino wa mashine ya kudurufu ni mafuta, basi hutolewa kwa mafuta. Akalowesha tambara kwa mafuta ya taa, akalilaza juu ya weusi wa sakafuni bila kusugua, akasubiri, kisha akafuta na kuosha kwa majivu na sabuni. Wino wa mhuri haupendi maji, kwa kuwa maji huubeba tu na kuusafirisha. Ule hutaka spiriti kwenye pamba, na mkono uanzie ukingoni kuelekea katikati, ili doa lisipate pa kukimbilia. Wa kalamu ndio wa ndimu na chumvi. Na pale ulipokuwa umezama ndani ya mbao, mama mdogo naye alikuwa na lake: alinituma bondeni nikachume majani ya msasa, yale ya kukwaruza, yanayolamba mti taratibu bila kuuchubua. Walifanya kazi bega kwa bega wakitaniana, yeye akimwita bosi mpya, baba akimwita sista. Kila mmoja alimfundisha mwenzake bila kujishusha wala kujikweza, na sijaona tena darasa zuri kama lile.

Ijumaa mchana ilibaki meza ya dirishani. Hiyo ilikuwa ya baba. Kwenye pembe ya kulia palikuwa na doa la bluu iliyokolea, dogo lakini la kina, mahali alipokuwa akifutia ncha ya kalamu kila asubuhi kabla ya kuanza kuandika. Kwa miaka kumi na saba alifutia palepale. Mama mdogo aliliangalia, akamwangalia shemeji yake, akasema kwa upole kwamba hilo waliache, wataweka kitambaa cha kufuma juu yake na hakuna atakayejua.

"Bi Rukia atafunua kitambaa," baba alisema. "Na atakayekosa kazi ni wewe, si mimi."

Akachukua jani la msasa, akalilowesha, akaanza. Alisugua tangu adhuhuri mpaka jua lilipohama dirishani, akiongeza ndimu, akipangusa, akisugua tena. Mimi na mama mdogo tulijifanya tunaosha sakafu ambayo ilikwisha kutakata. Niliogopa kumtazama usoni. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na nilimhurumia, na sikujua wakati huo kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja kifuani mwa mtoto. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya mbao, akasema, "Haya, imeisha."

Jumamosi Bi Rukia alikuja na bangili zake. Alipita chumba kwa chumba, akainama, akakwaruza sakafu kwa ukucha, akafunua kila kilichofunikwa. Mbele ya meza ya dirishani alisimama akatingisha kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwona baba kando ya ndoo, akauliza huyu naye ni nani. Mama mdogo alifungua mdomo, na nilijua alitaka kusema kila kitu, lakini baba alimwahi. "Mimi ni msaidizi wa huyu dada," alisema. Bi Rukia akamkabidhi mama mdogo funguo palepale. Baba hakupewa kitu, wala hakuomba. Jumatatu yake alikwenda sokoni na mama, amebeba tenga begani mbele za watu, akiitikia salamu kwa sauti.

Siku hizi nami ni karani, au tuseme hilo ndilo jina la zamani la kazi yangu. Ofisini kwetu hakuna wino wa kumwaga. Kila kitu kimo ndani ya kompyuta. Mwaka jana waliniletea binti nimfundishe kazi yangu, na kila mtu alijua kwamba akishaiva, mimi sitahitajika tena. Alikuwa na adabu, shikamoo yake haikukosa hata asubuhi moja. Nilimfundisha nusu. Njia za mkato nilizozigundua mwenyewe nilizificha, na alipokosea nilimwacha akosee, nikijiambia kwamba hata mimi nilijifunza kwa taabu. Niliendelea hivyo wiki tatu, mimi mtoto wa mtu aliyefuta kazi yake ya miaka kumi na saba kwa mkono wake mwenyewe ili shemeji yake apate ya kwake. Siku niliyoliona hilo waziwazi niliona aibu hata chai ikanishinda. Nikasogeza kiti cha pili karibu na changu, nikamwita yule binti, nikamwomba radhi, nikaanza upya tangu mwanzo.