Ambreyaji Isiyoteleza

Nisikieni mucheke, maana Kasongo yote imekwisha kucheka.

Baba Sefu alinunua moteri ya kamyo kuukuu, lori la kubebea mizigo, kwa Wazungu wa pamba, tukaitia ndani ya motokari yake ndogo. Mimi fundi wake ndiye niliyechagua ambreyaji, ile inayoshikanisha moteri na magurudumu. Zile laini nikazidharau, nikatia ngumu kabisa. "Baba, hii haitelezi," nikajisifu, "hata kwenye milima ya Kabambare."

Na kweli haikuteleza. Lakini safari yake ya kwanza ilikuwa kumpeleka binti wa Baba Sefu kwa mume, polepole, nyuma ya wanawake na ngoma zao, na gari haiwezi kutambaa kama ambreyaji haitelezi kidogo. Kila nilipoachia pedali tuliruka kama chura, kisha moteri ikazimika.

"Fundi, iko haraka gani?" akauliza shangazi wa bibi harusi, aliyekaa naye nyuma yangu. Mimi nilikuwa napigana na pedali, hata nyuma sikugeuka.

Nilipofika kwa bwana harusi, ngoma zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Nikashuka, nikapangusa jasho, nikafungua mlango wa nyuma kwa heshima zote. Ndani hamkuwa na mtu.

Barazani, shangazi alikuwa anachokonoa meno. "Funga mulango, fundi," akasema. "Sisi tumekwisha kula."